Tangazo la Kazi ni Ahadi

Karatasi ikibandikwa ukutani mwa biro ya Serikali kwamba kazi zipo, watu hukusanyika mbele yake tangu asubuhi. Mmoja asoma kwa sauti, wengine wasikiliza, wengine wanakili katika daftari. Halafu maneno yaanza. Wa kwanza asema: «Wanataka diploma ya shule ya ufundi. Mimi ninayo. Nitaandika barua leo hii.» Wa pili asema: «Mimi nimemaliza chuo kikuu. Diploma ya ufundi sina, lakini nani atamkataa mtu aliyesoma zaidi?» Wa tatu acheka tu: «Mnajisumbua bure. Jina la mtu wao liko mezani tayari.»

Yule wa tatu anasema habari ya rushwa. Rushwa ni wizi, wala hakuna mtu anayeitetea hadharani, hata mwenye kuila. Leo tumwache. Twataka kusema juu ya hao wawili wa kwanza, na juu ya mtu wa nne asiyeonekana pale ukutani, yaani bwana aliyeliandika tangazo. Shauri lao ni gumu zaidi, na watu wenye moyo mwema hukosana juu yake. Sifa zilizoandikwa katika tangazo zina nguvu gani? Mwenye diploma kubwa aweza kuchukua kazi iliyotangazwa kwa ajili ya diploma ndogo? Biro yaweza kuzigeuza sifa baada ya watu kufanya mtihani? Na jambo likiharibika, nani alipe?

Sisi twajibu waziwazi tangu mwanzo, ili msomaji ajue tunasimama wapi. Tangazo la kazi ni ahadi. Kwa tangazo hilo Serikali yawaambia raia wake: mwenye sifa hizi na aje, naye atapimwa kwa kipimo hiki. Ahadi ni deni. Yeyote anayeivunja, awe mwombaji au mkubwa wa biro, amnyang'anya mtu mwingine aliyeisadiki. Na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wa maskini, aliyeuziwa mbuzi na mama yake ili apate diploma ile iliyotajwa, si nyingine.

Ili tusiseme maneno matupu, twende Uhindi. Mbona huko? Kwa sababu katika nchi ile kazi ya Serikali hutamaniwa kama mvua wakati wa kiangazi, na watu waliokosana juu ya sifa za kazi hawakuishia kunung'unika: walikwenda mbele ya tribinali, toka ile ya jimbo hata Tribinali Kuu ya mji wa New Delhi. Waamuzi waliandika sababu za hukumu zao, na kila mtu aweza kuzisoma. Tena katiba yao, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, yasema katika kifungu cha 16 kwamba raia wote wawe na nafasi sawa mbele ya kazi ya Serikali. Maneno hayo ni mazuri. Sasa tuone yalivyo mazito kuyatimiza.

Mwaka 1915 hadithi hii isingekuwapo. Mwaka 2015 ilitokea, na magazeti ya dunia nzima yaliiandika. Jimbo la Uttar Pradesh lilitangaza kazi 368 za plantoni katika biro kuu za mji wa Lucknow. Plantoni mnamjua: ndiye anayebeba barua toka biro hata biro, na kuleta chai. Sifa zilizotakwa zilikuwa mbili: awe amemaliza darasa la tano, na ajue kupanda baiskeli. Barua za maombi zilizofika zilikuwa zaidi ya milioni mbili na laki tatu. Yaani kwa kila kazi moja, watu zaidi ya elfu sita. Na kati ya waombaji hao walikuwamo 255 wenye cheo cha daktari wa chuo kikuu, cheo kile cha juu kabisa cha masomo.

Tusicheke. Mtu mwenye elimu ya namna ile haombi kubeba chai kwa mchezo. Njaa haina diploma. Lakini mtazameni pia mtu mwingine katika safu ile: yule aliyemaliza darasa la tano na kujua kupanda baiskeli, wala hana kingine. Tangazo lilikuwa lake. Katika matangazo yote ya mwaka ule, labda hilo moja tu lilimwita yeye. Naye akitazama nyuma yake aona watu waliosoma miaka ishirini wakimsukuma. Ikiwa kila mwenye diploma kubwa ana haki juu ya kila kazi ndogo, basi mtu huyu hana kazi yoyote duniani. Kazi za juu hana sifa zake; kazi za chini zimechukuliwa na wale waliozikosa za juu.

Hapo ndipo penye shauri la kwanza. Na kwa haki tuseme kwamba Tribinali Kuu yenyewe haikujibu kwa neno moja siku zote. Safari moja ilisikiliza shauri la jimbo la Kerala. Shirika la umeme la jimbo lile lilitaka mainjinia wasaidizi wenye diploma, na watu wenye digrii ya uinjinia walikataliwa. Tribinali iliwapa haki wenye digrii. Kwa nini? Kwa sababu sheria ya Kerala yenyewe ilisema kwamba mwenye elimu ya juu ahesabiwe kuwa na ile ya chini, ikiwa ile ya juu inaibeba ile ya chini ndani yake. Basi wenye digrii hawakuvunja ahadi. Ahadi iliandikwa hivyo.

Lakini tarehe 5 Desemba 2018 lilikatwa shauri jingine, toka Jammu na Kashmir. Huko idara ya umeme ilitafuta mafundi wa daraja la tatu, na ilitaka watu waliosoma sekondari kisha wakapata cheti cha shule ya ufundi katika kazi ile. Wakaja wenye diploma ya uinjinia wakasema: sisi tumesoma zaidi, basi sisi tu bora. Tribinali Kuu ikawakatalia. Ilisema kwamba diploma ile haikupita katika njia ya cheti cha ufundi: hizo ni barabara mbili, si ngazi moja. Tena ilisema kwamba kuchagua sifa za kazi ni shauri la yule anayeajiri, si la tribinali. Na mwisho waamuzi waliongeza neno ambalo twaomba kila mkubwa wa biro alikumbuke: Serikali inapoajiri yaweza pia kuwaangalia watu wa tabaka zote, ili nafasi za kazi ziwepo juu na chini pia, si juu peke yake.

Sisi twakubali hukumu hiyo kwa moyo wote. Tena twasema sababu yetu wenyewe. Mtu aliyefunzwa kupanda nguzo, kukata waya, kuunganisha na kujilinda asiuawe na umeme, huyo ni fundi. Mtu aliyefunzwa kuchora mpango wa umeme wa mji mzima, huyo ni injinia. Mmoja si nusu ya mwenzake. Mwiteni injinia apande nguzo usiku wa mvua, mtaona kama karatasi yake kubwa yamsaidia. Twawadharau mafundi kwa sababu tumezoea kuzipanga diploma kama vidato vya ngazi, na kudhani kwamba aliye juu amekwisha kupita kila kidato cha chini. Hayo si kweli.

Shauri la walimu laonyesha jambo hilo wazi zaidi, kwa kuwa hapo watoto ndio walioguswa. Tarehe 28 Juni 2018 Baraza la Taifa la Elimu ya Walimu la Uhindi lilitoa tangazo jipya: wenye digrii ya ualimu, ile inayowaandaa watu kwa shule za sekondari, waruhusiwe kufundisha pia watoto wa darasa la kwanza hadi la tano. Lingebaki sharti moja tu: wakiisha kuajiriwa wafanye mafunzo ya miezi sita kabla ya miaka miwili kupita. Wale waliosoma miaka miwili mizima kwa ajili ya watoto wadogo, wenye diploma ya shule ya msingi, walishangaa. Kazi yao iligawiwa wengine, bila kuulizwa. Jimbo la Rajasthan halikuwakubali wenye digrii. Shauri likapanda juu.

Tarehe 11 Agosti 2023 Tribinali Kuu ilitoa hukumu: wenye digrii ya ualimu wa sekondari hawana sifa za kufundisha shule ya msingi. Sababu yake haikuwa heshima ya walimu hawa au wale. Sababu yake ilikuwa mtoto. Katiba ya Uhindi humpa mtoto haki ya elimu ya bure, na waamuzi walisema kwamba elimu isiyo njema si elimu iliyoahidiwa. Kumfundisha mtoto wa miaka sita kushika kalamu, kusoma herufi, kuhesabu kwa vijiti, kukaa na kusikiliza: kazi hiyo ina ujuzi wake. Mwenye digrii kubwa ambaye hakujifunza ujuzi huo ni mgeni katika darasa lile.

Ninyi wazazi mnalijua jambo hili bila tribinali. Mnamkumbuka mwalimu aliyewafundisha kusoma. Hakuwa na digrii. Lakini alijua ni mtoto gani haoni ubao vizuri, ni yupi alikuja na njaa, ni yupi aliogopa. Mpeni darasa lile mtu aliyejifunza kuwafundisha wakubwa aljebra, naye atakaa akingoja siku ya kupata kazi nyingine. Nani atakayepotea? Si yeye.

Najua, wako watakaotupinga hapa. Watasema: «Basi ninyi mnawaadhibu watu kwa kosa la kusoma! Mnataka vijana waache masomo, ili wasikataliwe kazi ndogo?» Hapana. Asome anayeweza kusoma, hata mwisho. Lakini kusoma si kununua nchi nzima. Mwenye digrii ambaye anataka kufundisha watoto wadogo, njia iko wazi: ajifunze ujuzi wa watoto wadogo, kama wenzake. Mwenye cheo cha daktari anayetaka kuwa plantoni, na apimwe kwa baiskeli kama mwenzake wa darasa la tano, na karatasi zake nyingine zisihesabiwe hata alama moja. Twakataa tu kwamba karatasi kubwa imeze karatasi ndogo, kisha ijiite haki.

Sasa tuje kwa mwombaji anayeficha. Katika jimbo la Odisha benki moja ya Serikali ilitafuta plantoni. Tangazo lilitaka mtu aliyemaliza sekondari, tena asiwe na digrii. Kijana mmoja mwenye digrii aliyoipata mwaka 2014 aliandika barua, akataja masomo ya sekondari tu, akanyamaza juu ya digrii. Alichaguliwa. Kisha benki ikagundua, ikamzuia asianze kazi. Tribinali ya jimbo ilimhurumia ikampa haki. Lakini tarehe 3 Novemba 2020 Tribinali Kuu ilikata kinyume. Ilisema: kama aliona sharti lile si la haki, angelishitaki kabla ya kuomba. Hakulishitaki, aliomba, tena alificha. Mtu anayeanza kazi kwa kuficha hawezi kudai kazi hiyo kwa jina la haki.

Shauri hilo latuumiza, wala hatuoni haya kusema. Mara nyingi watu huficha elimu ndogo wakajifanya wakubwa. Huyu alificha elimu kubwa akajifanya mdogo, kwa sababu ya mshahara wa plantoni. Dunia imepinduka hata mtu aione haya digrii yake! Lakini hukumu yenyewe ni ya haki. Kiti alichokikalia kwa kunyamaza kilikuwa cha mtu mwingine, mtu aliyejaza karatasi yake yote bila kuficha neno. Jina la mtu huyo halikuandikwa katika hukumu. Hakuna avoka aliyesema kwa ajili yake. Sisi twamkumbuka.

Basi, hata hapa mtaona kwamba tumekuwa wakali kwa waombaji. Tumewakatalia wenye diploma kubwa, tumemkatalia mwenye kuficha. Sasa yatupasa kuwa wakali mara mbili kwa yule bwana anayeandika matangazo. Maana akitaka ahadi iheshimiwe na maskini, lazima yeye aiheshimu kwanza.

Sikieni. Mwaka 2009 Tribinali ya jimbo la Rajasthan, naam, tribinali yenyewe, ilitafuta wafasiri 13. Watu waliomba, wakafanya mtihani wa kuandika, wakaulizwa kwa mdomo. Yote yalipokwisha, mkubwa wa tribinali ile akaamuru: asichukuliwe mtu asiyepata alama 75 katika mia. Neno hilo halikuwamo katika tangazo. Kwa kipimo hicho kipya wakabaki watu watatu tu. Wengine walirudi nyumbani mikono mitupu, si kwa kuwa walishindwa mtihani walioambiwa, bali kwa kuwa walishindwa mtihani ambao hawakuambiwa.

Walishitaki. Shauri lao lilitembea mwaka baada ya mwaka, na tarehe 7 Novemba 2024 waamuzi watano wa Tribinali Kuu walikata neno: kuajiri kwaanza siku ya tangazo na kwaisha siku nafasi zinapojazwa, na katikati ya siku hizo mbili masharti yasigeuzwe, isipokuwa kama sheria au tangazo lenyewe liliruhusu, tena bila upendeleo. Hukumu hiyo ni nzuri. Lakini hesabuni miaka: toka 2009 hata 2024 ni miaka kumi na mitano. Kijana aliyefanya mtihani akiwa na miaka 25 alifika miaka 40 kabla ya kusikia kwamba mchezo haugeuzwi mpira ukiwa uwanjani. Hata mtoto anayecheza mpira wa matambara barabarani alijua hayo bila kungoja waamuzi watano.

Na walimu je? Turudi kwao, maana shauri lao halikuisha siku ya hukumu. Kumbukeni: ni baraza la taifa lililowaambia wenye digrii mwaka 2018, «Njooni, mna sifa.» Walikuja. Hawakughushi karatasi. Hawakuficha neno. Katika jimbo la Chhattisgarh tangazo la mwaka 2023 liliwaita, nao waliomba, wakashinda, wakapelekwa katika shule za vijijini. Kisha hukumu ya juu ikasema sifa zao hazifai. Tribinali Kuu ilieleza mwezi wa Aprili 2024 kwamba wale waliokwisha kuajiriwa kabla ya tarehe 11 Agosti 2023, bila sharti la kungoja hukumu, wasifukuzwe. Lakini wa Chhattisgarh hawakuokoka kwa neno hilo. Mwisho wa mwaka 2024 na mwanzo wa 2025 walimu zaidi ya elfu mbili wa jimbo lile waliachishwa kazi. Walikwenda barabarani kulia. Baadaye, mwezi wa Aprili 2025, serikali ya jimbo iliamua kuwapa kazi ya wasaidizi katika maabara za shule.

Hukumu juu ya watoto ilikuwa ya haki, tumesema hivyo wala hatugeuki. Lakini tunauliza: bwana aliyeandika tangazo la mwaka 2018 alipoteza nini? Mshahara wake ulipungua? Jina lake liliandikwa ukutani? Hapana. Na hapo ndipo tunapoona uovu wa jambo zima. Mwombaji akikosa, mwombaji hulipa. Serikali ikikosa, mwombaji hulipa tena. Mwenye kuficha digrii yake alipoteza kazi kwa kosa lake. Waliotii tangazo neno kwa neno walipoteza kazi kwa kosa la mwingine. Na mbele ya mlango uliofungwa wote wawili walikuwa sawasawa. Je, hiyo ndiyo nafasi sawa iliyoandikwa katika katiba?

Hapa mzee wa kwetu atainua mkono. Atasema: «Ninyi mnatusifia sifa zilizoandikwa. Mmesahau kwamba hapa Kongo sifa hizo hizo zilitufungia mlango?» Hatukusahau, baba. Kwa miaka mingi watumishi wa Serikali ya Wabelgiji walikuwa na sheria mbili, moja ya Wazungu na moja ya Wakongo. Mwaka 1959 ilikuja sheria moja kwa wote. Kwa karatasi, mlango ulifunguliwa. Lakini vyeo vya juu vilidai diploma za chuo kikuu, na chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Mtu angepata wapi diploma ile? Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, katika vyeo vya juu zaidi ya elfu nne, Wakongo waliokuwamo walikuwa watatu. Karani aliyeijua kazi ya biro kwa miaka ishirini, aliyemfundisha Mzungu mgeni mahali faili zilipo, alibaki karani.

Neno hilo la mzee ni la kweli, wala halivunji maneno yetu; layakamilisha. Sifa inayotoka katika kazi yenyewe ni mlango. Sifa inayowekwa ili kumzuia mtu fulani ni ukuta uliopakwa rangi ya mlango. Anayetaka plantoni ajue kupanda baiskeli, ametazama kazi. Anayetaka mwalimu wa watoto ajue kufundisha watoto, ametazama kazi. Lakini anayedai karatasi ambayo wana wa nchi hawakupewa nafasi ya kuipata, huyo ametazama mtu, si kazi. Ahadi ya uongo si ahadi, hata ikipigwa muhuri.

Nchi yetu nayo ina sheria juu ya watumishi wa Serikali, ile ya tarehe 15 Julai 2016, nayo yataka watu waingie kazini kwa mashindano. Basi maneno haya ya Uhindi si ya mbali. Siku karatasi itakapobandikwa ukutani kwetu, twataka mambo manne, wala hatuoni kwamba ni makubwa mno.

La kwanza: sifa zitoke katika kazi. Mwandishi wa tangazo ajiulize kwa kila neno: je, bila hili kazi itaharibika? Kama haitaharibika, alifute.

La pili: tangazo liseme waziwazi juu ya diploma zinazofanana na juu ya zile kubwa. Zikubaliwe au zikataliwe, lakini liandikwe. Mashauri mengi ya Uhindi yalizaliwa katika mahali ambapo tangazo lilinyamaza. Mstari mmoja wa wino ungaliokoa miaka kumi ya maavoka.

La tatu: karatasi zitazamwe kabla ya mtihani na kabla ya mtu kuanza kazi, si baada ya miaka, mtu akiwa amekwisha kuoa, kukodi nyumba na kuwaandikisha watoto shule. Kuchelewa kutazama ni kosa la biro.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote: Serikali ikikosa katika tangazo lake, Serikali ilipe. Kama walioajiriwa kwa tangazo bovu hawawezi kubaki mbele ya watoto, watafutiwe kazi nyingine wanayoiweza siku ile ile, si baada ya miezi ya kulia barabarani. Wasitupwe nje kama wezi, maana hawakuiba.

Nanyi vijana mnaosimama mbele ya ukuta, tuna neno kwenu pia. Lisomeni tangazo hata mwisho. Msilolielewa, ulizeni kwa barua, na barua ile mweke nakala yake. Mkiona sharti si la haki, lipingeni kabla ya kuomba, kwa maana akiisha kuomba mtu ahesabiwa amelikubali. Msiongeze darasa msilosoma, wala msifiche lile mlilosoma. Na wewe uliyemaliza chuo kikuu, kabla ya kunyosha mkono kwenye kazi ya plantoni, geuka kwanza utazame nyuma. Yuko mtu pale mwenye baiskeli moja na cheti kimoja. Ukimshinda kwa kipimo kilichoandikwa, huna kosa. Lakini usimwambie asimame kando kwa sababu karatasi yako ni nene kuliko yake.

Na wewe bwana unayeandika matangazo: kesho asubuhi utakapokaa mezani, kumbuka kwamba maneno yako yatasomwa kwa sauti mbele ya watu waliotembea mbali kuja kuyasikia. Yaandike kama mtu anayejua kwamba atadaiwa.